Mkwe Wangu Ameunyonyoa Msonobari Wangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijamtamkia mkwe wangu neno lisiloweza kurudi mdomoni. Mimi ni mjane, nyuma ya nyumba nina misonobari sita inayonifika begani, niliipanda ikiwa miche inizuilie vumbi la gereji ya jirani, sasa mume wa binti yangu ni mtafiti wa misitu, akaja na tabasamu lake, "Mama, naomba nipime miti yako," nikamwambia pima baba, kwani kupima kunaua, nikaingia kupika, kutoka nakuta mmoja ameunyonyoa kama kuku, yale majani membamba kama sindano kayatandaza kwenye meza yangu ya chakula anayapima, eti ajue eneo lake lote, alilinganishe na unene wa shina na urefu wa mti, ili baadaye mtu akipima shina tu akadirie majani bila kuyachuma! "Mama, huu umejitolea kuokoa mingine huko misituni." Umejitolea! Nani aliuuliza? Sasa umekauka, vumbi linaingia hadi kwenye sufuria, na Jumamosi anarudi kuimaliza iliyobaki, maana mti mmoja hautoshi hesabu. Nilipompigia binti yangu akasema, "Mama, usinivunjie ndoa kwa ajili ya majani," akakata, na ni mjamzito, simu zangu hapokei tena. Mkwe sijawahi kumpandishia sauti, ukwe ni heshima. Nifanye nini?

Mama Misonobari

Mama Misonobari, pole. Nimekasirika hadi chai yangu imepoa. Mtu anapewa ruhusa ya kupima, ananyonyoa? Huyo kakaribishwa sebuleni akajipeleka chumbani! Hesabu yake imekusudiwa miti isivuliwe nguo, naye anaanza kwa kuivua ya mama mkwe.

Lakini na wewe nakugombeza. Ulipoiona ile meza bila shaka ulimwongezea chai, ukaenda kulia jikoni. Heshima ya ukwe haikuzibi mdomo, inakutaka useme kwa adabu tu. Badala yake ukamtuma binti vita visivyo vyake.

Jumamosi msubiri getini mwenyewe. "Karibu baba. Futi ingia nayo, mkasi uache garini." Apime mashina, urefu na upana wa matawi, hapo hapo aijaribu hiyo hesabu anayojisifia. Akidai haitoshi, anunue miche, apande kwake, aisubiri ikue, ainyonyoe mbele ya jirani zake. Na ule uliokauka akuletee mwingine, shimo achimbe yeye, si kibarua.

Binti yako mpigie leo kwa simu ya jirani, na usitaje mti hata mmoja. Muulize analalaje na tumbo lile, na miguu kama imemvimba. Hayo ndiyo aliyokuwa akiyasubiri kwa mama yake, nawe ukampigia kuhusu majani.