Gauni Lililokatwa Mikoba

Shoga, shika simu! Dada leo kaumbuka mbele ya ukumbi mzima.

Si unaujua ule mkutano wetu wa mtaa, watu wanapoleta nguo kuukuu, dada na wale wajane anaowafundisha wanashonea mikoba? Kasimama kuionyesha, makofi kama yote.

Mara mama mmoja huko nyuma akanyanyuka. "Hilo ni gauni la marehemu mama yangu. Nilikuletea upunguze kiuno tu."

Upunguze kiuno! Dada alichanganya mifuko ya nguo, akalikata lote. Mikoba sita, na yote ilishapata wenyewe humo humo ukumbini.



Basi bibi mmoja mchoraji, mwenye mkoba mmojawapo, akamwaga funguo na dawa zake mezani, akauweka mkoba wake mbele ya yule mama. Akafuata mwingine. Na mwingine. Yote sita!

Yule mama akaitazama weee. Nikajua sasa anatupeleka polisi.

Akauliza, "Mfuko wa gauni uko wapi? Mama alikuwa akiniwekea peremende humo."

Dada akafungua mkoba mmoja. Ule mfuko aliuacha mzima, ndani, vilevile.

Yule mama akaingiza mkono.

Shoga, mpaka naandika hivi, hajautoa.