Pale Nanga Inaponyamaza

Weston, Toronto
14 Septemba 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unasemaje? Na yule mbuzi anayekula mashuka bado hajachinjwa? Mimi mzima, mzima kupita kiasi.

Kaa kitako kabla Clementina hajaendelea kukusomea, maana bahati iliyonidondokea ingemuua mtu mwenye roho ndogo. Mwanao nipo kwenye okestra! Ukumbi mkubwa mjini, watu sitini wenye suti nyeusi kama wanamzika tajiri, na hakuna anayekaa mpaka Methodius aseme pa kukaa. Watu husema sisi Wahaya tunajisifu. Mimi sijisifu, natoa taarifa. Nshomile, msomi wa darasa la saba!

Kuna mama mmoja wa Bolivia, anaitwa Nilda, mtunzi. Ananiambia kwao Amerika ya Kusini wapo watunzi wakubwa waliosoma muziki wa Kizungu mpaka ukawatoka puani, halafu wakarudi kutega sikio kwa watu wao. Mbrazili Villa-Lobos alikaa na wapiga gitaa wa mitaani. Ginastera wa Ajentina alishika nyimbo za wachunga ng'ombe wa kwao. Nilda mwenyewe hutunga kutokana na nyimbo za bibi yake, Mwaymara wa milimani. Nikamwambia, mama, baba yangu anapiga nanga! Kumbe neno nimelitafsiri kwa simu, nayo ikanipa kile chuma cha meli. Mama wa watu akaniuliza, "Anaipigaje, kwa nyundo?" Ikabidi nichore: ubao kama sinia, kamba inakwenda na kurudi. Akacheka mpaka akashika ukuta.

Baba, amekubali. Wimbo wetu wa ukoo utapigwa na fidla zote hizo. Najua huipendi simu, unasema inakula maneno, lakini Clementina akurekodi.

Mwanao,
Methodius

Kamachumu
2 Oktoba 2024

Mwanangu,

Marahaba. Mimi nasema, binamu yako anaandika. Herufi zikipinda mtukane yeye. Mgongo umetulia, ila kifua kimekuwa mpangaji mkorofi, hakilali na hakihami.

Nimefurahi. Lakini hao watu sitini, nani kati yao atajibu? Katikati ya wimbo nanga hunyamaza, na mtoto wa kiume wa nyumba hii hutaja wazee wetu, kuanzia mimi kurudi nyuma, mpaka yule aliyefika hapa na ng'ombe mmoja na mke mkali. Akimaliza, ndipo kamba zinaamka. Bila majina, ni mbao inapiga kelele.

Kwenye hiyo rekodi nimekuachia nafasi. Nimenyamaza kwa urefu wa majina yote. Clementina alidhani nimesinzia, akanifinya.

Unayakumbuka? Nilikufundisha, ila macho yako yalikuwa kwenye taa, unawinda senene. Kama yamekutoka, sema, nitakutajia upya. Si aibu.

Baba yako

Weston
17 Novemba 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo, na hicho kifua nakitumia polisi kikahamishwe kwa nguvu.

Nisahau? Mimi? Baba, umenitukana na bado nakupenda. Wimbo umepigwa jana! Nanga yako ilitoka kwenye spika, fidla zikaifuata kama ndama wanamfuata mama yao, halafu ikanyamaza. Nikasimama na suti yangu, nikayataja yote bila kukwama, kama padri kwenye litania. Wazungu walilia, Baba. Mmoja alipenga kamasi kwenye tai yake. Nilda akanikumbatia, akasema hata bibi yake angesimama.

Kula vizuri. Mbuzi achinjwe.

Mwanao,
Methodius

Kamachumu
8 Desemba 2024

Mwanangu,

Marahaba. Na mimi nimelia, sikuwa na tai.

Sasa nikuambie kilichokuwa kinanikosesha usingizi. Ndugu zangu wote wamekwisha. Majina yalibaki kwangu peke yangu. Nilitaka Clementina ayaandike, ingawa yeye ni mtoto wa dada yangu, ukoo wake mwingine. Sasa sina haja. Yapo kwako, na yamesikika.

Nitumie sauti yako ukiyataja. Fidla kaa nazo. Nataka majina tu, niyasikie yakitoka kinywani mwako.

Senene wa kukaanga nimempa Japhet wa mwalimu, anakuja huko kusoma. Asikudanganye kwamba walimwagika.

Baba yako

Weston
20 Januari 2025

Baba,

Shikamoo. Senene wamefika, Japhet kabakiza miguu. Kifua?

Sauti ipo, usiwe na wasiwasi. Ipo kwa mafundi wanaisafisha, huku hata sauti inaoshwa. Halafu simu yangu imezama kwenye mto Humber, na theluji imefika kiunoni. Wiki ijayo, Mungu akipenda.

Mwanao,
Methodius

Kamachumu
11 Machi 2025

Kaka Methodius,

Sina namna nzuri ya kukusalimu. Mjomba ametutoka Jumapili, baada ya misa. Tulikupigia mpaka chaji ikaisha, ndipo naituma barua hii kwa picha ya simu. Pole sana, kaka.

Wiki yake ya mwisho nilikaa kando ya kitanda na kalamu. Nikasema, mjomba, nitajie majina niyaandike, hata kama kaka anayajua. Akakasirika. "Unamtilia shaka Methodius? Ameyataja mbele ya Wazungu, atashindwa kuwatajia wanawe?" Akageukia ukutani.

Kaburini wazee walitaka nanga yake isikike, nikaweka simu kwenye spika ya kanisa. Iliponyamaza, tukasubiri. Wakanitazama, na mimi si wa ukoo. Kilichosikika ni jogoo wa jirani, yumo humo kwenye rekodi. Kisha kamba zikaanza tena, na mzee mmoja akavaa kofia yake akaondoka.

Siku ya kuondoa matanga wanataka upige simu, ujibu wewe. Nimewaahidi.

Binamu yako,
Clementina

Weston
13 Machi 2025

Clementina,

Umemfumba macho? Alivaa lile koti la kahawia? Asante. Umefanya kazi yangu.

Waambie wazee sitapiga.

Pale ukumbini mimi napanga viti. Nilda rekodi aliisikia kweli. Alikaa kwenye kiti nilichokuwa nakifuta, akafumba macho, na nanga iliponyamaza akaniuliza, "Hapa anasubiriwa nani?" Nikasema mimi. Akasema, "Basi bila wewe siandiki hata nota moja. Kwetu nyimbo nyingi zimeandikwa, waliokuwa wakiziimba hawajulikani." Akaniwekea maikrofoni. Nikataja Baba. Nikataja Babu Kagaruki. Nikakohoa. Nikasema naomba maji, nikatokea mlango wa nyuma.

Angenitajia upya. Alisema si aibu. Lakini kesho yake nilishamwandikia kwamba watu wamelia, na baada ya hapo ningemuulizaje?

Okestra haikunichukua. Wimbo haukupigwa. Majina siyajui.

Methodius