Picha za Neema Zilizobaki

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini ulinifunza kuamkia kwanza kabla ya kugomba, na leo nimekuja kugomba.

Matanga yalipokwisha, Baba mdogo alifungua sanduku lako la karakana. Tulitarajia patasi zako za kuchongea sanamu. Tukakuta karatasi, watu waliochorwa kwa rangi za maji, nyepesi kama chai iliyoongezwa maji wageni walipozidi. Na wote walikuwa mtu mmoja. Neema ameinamia viazi. Neema na mzigo wa majani ya ng'ombe, uzito wote kwenye mguu wa kushoto. Neema anasuka nywele. Dada yangu, ambaye hajawahi kushika tezo la kuchongea, aliyeolewa Tanga akawa wa kuja Krismasi tu! Nilizipekua mpaka ya chini kabisa. Mimi simo.

Baba, nani alikubebea magogo ya mjakaranda? Nani alinoa patasi mpaka vidole vikafa ganzi kwa baridi ya Lushoto? Naona wivu. Naandika wazi, maana hapa hakuna wa kunicheka. Hata kaburini nilimwonea wivu, alipolia watu wakamshika mikono, mimi wakanituma nikaangalie sufuria za wali.

Baba mdogo akaamua: "Picha ni za mwenye sura. Mpeni Neema."

Neema akazikumbatia. "Naomi mdogo wangu, kumbe Baba alinipenda hivi!" Nikatoka nje, nikapasua kuni ambazo hakuna aliyezihitaji.

Mama ndiye aliyenifuata. Akaniuliza kama nimesahau desturi yako: unamchora mtu kwanza ili uone uzito wake umekaa wapi, ndipo unamchonga, na sanamu ikikamilika karatasi inakuwa ya kuwashia moto. "Ukiiacha karatasi, utachonga mtu yule yule maisha yako yote," ulikuwa ukisema. Na nani aliwasha jiko la karakana asubuhi za ukungu? Mimi. Sikuwa nikizikunjua hizo karatasi, nilizisukuma tu chini ya kuni. Mama anasema nyingi zilikuwa zangu, nimeinamia tezo, ulimi nje. Kumbe mimi nilikamilika. Nikauzwa nikiwa sanamu, nikateremka Mombo kwenye mizigo ya wageni. Neema ndiye aliyekushinda. Magogo uliyojaribu kumchonga bado yako nyuma ya banda, yote yamepasuka shingoni.

Ungedhani nimefarijika. Hata kidogo, Baba! Yeye ana karatasi za kukumbatia. Mimi nina majivu, tena niliyazoa mwenyewe nikayamwaga kwenye migomba.

Nimemwomba aziache kwanza huku, nimchonge. Amekubali, tena kwa furaha, masikini, na ameshawaambia majirani zake wa Tanga. Jana nilianza magoti. Yanakubali vizuri kuliko nilivyotaka, na mara mbili nimejikuta natabasamu, nikakasirika. Ile desturi yako sijamwambia.

Haya, Baba, pumzika. Mama tutamtunza, na tezo lako halitapata kutu. Nakuahidi pia kwamba shingo ya Neema haitapasuka mikononi mwangu. Lakini siku sanamu yake itakaposimama, karatasi zote zinaingia jikoni, kama zangu zilivyoingia. Akilia, na alie. Ndipo tutakuwa watoto wa baba mmoja.

Mwanao,
Naomi