Tepu Nyekundu kwenye Skuta ya Baba

Jumatatu, 4 Machi

Leo Baba kanikata maini. Ile skuta yake — ya zamani, rangi ya maziwa, aliyoinunua kabla sijazaliwa — kampa Wifi aifunge umeme mpya. Wifi! Mke wa mdogo wangu, ana miezi mitano tu hapa gereji. Mimi miaka kumi na mmoja nachubua nyaya za watu, na hiyo skuta nimeruhusiwa kuifuta vumbi basi.

Kazi yenyewe: taa mbili za ziada mbele, honi ya kisasa, soketi ya kuchajia simu. Nikamwambia Baba mimi ningemaliza kabla ya chai. Akasema anajua, ndiyo maana. Ndiyo maana nini? Hakumalizia. Akamgeukia Wifi: "Mwanangu, anza na betri."

Mwanangu. Mimi ananiita fundi, kama wanavyoniita wateja.

Jumanne, 5 Machi

Sina la kuandika. Wanacheka tu huko uani.

Jumatano, 6 Machi

Wifi yuko makini, lazima niseme, na ndicho kinachoniudhi. Kaweka fyuzi karibu na betri bila kuambiwa. Viungo vya nyaya kavichomelea kwa risasi ya kulehemu, vinang'aa. Baba kavipapasa kimoja kimoja, halafu akaniita na mimi nije nione! Nikaona. Nikasema si haba. Uso wangu nadhani ulisema mengine, maana Wifi aliinamisha kichwa.

Mchana alinimegea mkate wake. Nikasema nimeshiba. Njaa ikanitafuna hadi saa kumi — shauri yangu.

Ijumaa, 8 Machi

Naandika nikiwa nimejifungia stoo.

Kwetu kazi ya umeme haitoki kwa macho ya mtu mmoja. Mmoja anafunga, mwingine anakagua, na akiridhika anazungusha tepu ya rangi yake juu ya fungu la nyaya. Baba nyeusi, Wifi njano, mimi nyekundu. Ukiona tepu ya huyo wa pili, unawasha unaondoka.

Baba kasema nikague mimi. Taa, sawa. Soketi, sawa. Honi nusura initoe roho. Nikageuza usukani kulia, sawa. Nikaugeuza kushoto mpaka mwisho. Hapo ndipo! Nyaya mpya kazibana mno pamoja na za zamani pale shingoni mwa usukani, fungu zima linavutika na kusuguana na ukingo wa bati. Na humo ndani umo waya wa kuzimia injini, ngozi yake imechoka kwa uzee. Ukichubuka ukagusa bati, injini inakufa papo hapo. Kulegeza ni dakika tano. Mimi mwenyewe nilikosea hapohapo, mwaka wangu wa kwanza.

Wifi kasimama pembeni, mikono nyuma. "Iko sawa, wifi?"

Baba alikuwa anamtazama yeye, si mimi. Anatabasamu.

Nikasema iko sawa. Nikazungusha tepu yangu. Nilijiambia itazimika papa hapa uani, Baba akiijaribu, aone mwanawe anavyofunga. Aibu kidogo tu. Zaidi ya hapo sikutaka, haki ya Mungu.

Jumamosi, 9 Machi. Saa nane mchana

Haikuzimika uani. Baba hata hakuijaribu! Aliona tepu nyekundu, akavaa helmeti, akampakia Wifi, wakaondoka kwenda kwa Shangazi, upande wa pili wa mji, kumwonyesha. Siti hiyo ya nyuma ni yangu tangu nina miaka sita. Nilibaki langoni. Nusura niwaite. Nikafyonza, nikarudi ndani.

Saa tisa na nusu

Wifi kapiga simu, analia. Wamezimikiwa kwenye kona, katikati ya barabara, lori nyuma yao likafunga breki. Wako hai. Goti lake limechubuka, na Baba kiuno kimemshika. Wameisukuma pembeni. Inawaka vizuri, ila ukikata kushoto inakufa. Anasema ni yeye, kakosea waya mahali, anamwomba Baba wafungue shingo. Baba hataki.

Nilimsikia Baba nyuma yake, sauti imekauka: "Nyaya ziache. Fundi kazipitisha. Yule akisema sawa, mimi siangalii tena."

Mimi hajawahi kuniambia hivyo. Hata siku moja.

Kafungua kabureta. Katoa plagi. Sasa anataka kung'oa koili, huko juani, na kiuno hicho! Akachukua simu akaniuliza koili ya akiba iko wapi, niwapelekee. Nikasema ngoja niitafute. Iko hapa mezani, pembeni ya daftari hili.

Saa kumi kasorobo

Ujumbe wa Wifi: "Baba kaenda kuomba maji ya kunywa. Nimefungua shingo kwa siri, nimeuona waya uliochubuka. Najua ulikupita tu. Nitamwambia uliniagiza nilegeze, nikasahau. Jina lako lisiharibike, wifi."

Hata hapa kanishinda! Na bado wivu, wivu uleule.

Nimeandika: "Asante." Sijatuma. Baba atakuwa anarudi na maji sasa hivi.