Sharti la Sitini kwa Wote Wawili

Kasongo, Ijumaa

Kwako Mama mpenzi,

Assalamu alaikum. Naomba Mungu barua hii ikukute Wamaza ukiwa na afya, na mgongo wako uwe umepunguza kukusumbua. Karanga zimeota vizuri? Shangazi Latifa anakusalimu sana, na huku Kasongo mvua inatunyeshea bila huruma. Mwili wangu ni mzima. Moyo ndio bado unatetemeka, kwa hiyo unisamehe mwandiko huu.

Mama, unakumbuka sharti ulilotuwekea mimi na Fatuma. Ulisema mapacha waliotoka tumboni pamoja waingie shule ya wauguzi pamoja. Hakuna atakayekwenda kwenye mtihani wa kuingia mpaka wote wawili tupate sitini kwa mia katika mazoezi ya Mwalimu Chadrack. Sikubisha. Tangu utotoni ukimnunulia mmoja kitenge, wa pili naye anapata, na kwetu ndivyo mapacha wanavyolelewa.

Kila Jumamosi tunafanya mazoezi hayo. Mimi napata sabini na kitu. Fatuma arobaini, arobaini na tano, halafu anashuka tena. Mwaka juzi mtihani ukatupita. Mwaka jana ukatupita tena, na wenzetu leo wanavaa sare nyeupe. Nimemfundisha mpaka sauti imenikauka. Nimemwita kichwa kigumu, nimemwita mzigo, Mungu anisamehe. Na mwaka huu mtihani ni Jumatatu hii inayokuja.

Sasa sikia. Jana nilikwenda sokoni kununua mafuta ya mawese, nikiwa nimejifunga kitambaa cha njano cha Fatuma, kile ambacho watu hututofautishia. Mwalimu Chadrack akasimamisha baiskeli yake, akanitazama kwa huruma, akaniuliza: "Fatuma, mupaka leo haujamuambia Hidaya?" Nilitaka kumsahihisha, lakini hakunipa nafasi. Akaendelea kusema kwamba amechoka kutunza siri. Kwamba Fatuma, ambaye yeye mwalimu alimrudisha darasani peke yake, akalifanya upya zoezi lile lile mbele ya macho yake na kupata themanini na nne, hana haki ya kuendelea kujitafutia arobaini. Mama, chupa iliniponyoka mkononi. Watu sokoni wakadhani nimepata habari ya msiba.

Themanini na nne! Mimi mwenyewe sijawahi kuzifikia. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajisemea, na nikarudi nyumbani nikiwa tayari kumpiga.

Fatuma hakukana. Alikaa mkekani akalia, akaniambia kwamba tangu Baba alipofia hospitalini, harufu ya dawa ikimfikia tu, anatoka mbio. Hataki uuguzi. Anataka kurudi Wamaza alime pamoja nawe. Nilipomuuliza kwa nini hakusema, alijibu: "Ni Mama nilikuwa naogopa, hapana mutihani." Alifikiri ukiona mmoja hawezi, utamruhusu mwingine aende. Basi akawa anakosa kwa makusudi ili mimi niachiliwe. Nawe hukuniachilia, ulituambia tungoje. Miaka miwili, Mama! Mpaka sasa siamini. Nimemkasirikia yeye, nimekukasirikia na wewe pia, na hilo ninakuandikia kwa heshima zangu zote.

Jumatatu nitaingia kwenye mtihani bila yeye. Sikuombi ruhusa, nakuomba dua.

Unisalimie majirani wote, na mjomba Faradji ukimwona umwombee Mungu amzidishie nguvu. Barua hii anakukabidhi Fatuma mwenyewe, nimempandisha pikipiki kwa mikono yangu. Usitazame nyuma yake kunitafuta. Amekuja peke yake, kwa mara ya kwanza tangu utuzae. Mpokee, Mama.

Mwanao akupendaye,
Hidaya