Mruhusu Wekesa Ajibu

Makongeni, Nairobi

Mdogo wangu Simiyu,

Kosa la watu wengi wanapoulizwa kwenye mahojiano ya kazi kama wamewahi kukosana na mwenzao ni kujibu kwamba hawajawahi. Hudhani anayeuliza anatafuta mgomvi. Nisamehe kwa kutanguliza hilo kabla ya salamu. Juzi ulikata simu nikiwa bado naeleza, ndiyo maana naandika. Mna hali gani huko? Magoti yanakuruhusu kuingia shambani? Mimi nipo, ila nyumba imekuwa kimya. Mwanao Wekesa huonja chakula tu, kisha husukuma sahani.

Swali hilo aliulizwa kwenye kiwanda cha rangi. Akajibu kwamba ameishi na wote kwa amani. Wakamuuliza tena, kwa upole, akarudia yale yale. Wakamshukuru. Nimeketi kwenye majopo ya namna hiyo nilipokuwa kazini, na shukrani ile naijua. Mtu akisema hajawahi kukosana na yeyote, tunamwona kama anayeficha, au atakayenyamaza akiona hatari. Na kazi aliyoomba ni ya kusimamia mashine.

Nilimuuliza kwa nini hakueleza habari ya Barasa.

"Shangazi, baba alinikataza pale kaburini."

Naelewa ulivyoogopa. Barasa alikuwa mtoto wa jirani yenu, aliuawa na mashine ya kukata mabati pale walipofanya kazi pamoja, na wiki ile ile Wekesa alikuwa amegombana naye kwa sababu Barasa aling'oa kinga ya mashine ili kazi iende haraka. Barasa alimcheka mbele ya wenzao, akamwita karao, yaani polisi, wa mashine. Wekesa akamwambia supavaiza, naye akasema ataangalia. Hakuangalia. Kwetu marehemu hasemwi, na aliyegombana naye hutazamwa vibaya matangani. Ulitaka kumwepusha mwanao na midomo ya watu. Lakini hilo ndilo jibu la kweli alilo nalo, nawe umemfunga kinywa.

Wala si kumsema vibaya marehemu. Jina halihitajiki. Aeleze tu aliona nini, alimwambia mwenzake nini, alipeleka habari kwa nani, na leo angefanya nini zaidi. Hilo la mwisho ndilo linalomla. Anasema angeizima mashine kwa mkono wake, hata wakampiga.

Mama Barasa alipokuja kuchukua vitu vya mwanawe kule mtaa wa Huruma alikopanga, alilala kwangu. Asubuhi, tukifunga godoro, alisema bila kuniangalia: "Wekesa alimkataza. Wangu aliniambia mwenyewe kwa simu, akicheka." Kisha akaniomba nishike kamba upande wa pili. Kwa hiyo unalolificha, mwenye msiba analijua.

Wekesa ameitwa kwingine, Jumatatu. Nimemfundisha la kusema, akanisikiliza kwa adabu, kisha akasema neno la baba hawezi kulivuka. Mimi ni shangazi tu. Hilo siwezi kulifungua.

Nisalimie mkeo Nafula, na binamu yetu Khaemba wa kwaya, aache kuimba na kifua kile. Mama Barasa mpelekee sukari, umwambie imetoka kwangu.

Barua hii usiikunje kwanza. Mpigie Wekesa leo, umwambie ana ruhusa ya kusema.

Dada yako mkubwa,
Nasambu