Upande wa Wanawake Ulikuwa Kimya

Jumatatu. Baridi ya Juni imeikamata Songea kisawasawa. Hapa kwenye intaneti kafe vidole vyangu vinakosea herufi, ila moyo umetulia kuliko jana.

Kigango chetu cha Mshangano, kanisa dogo lililo chini ya parokia, hakina umeme. Nilikitengenezea kompyuta ndogo ya betri, haizidi kitabu cha misa, ya kupokea sauti ya maikrofoni na kuipeleka kwenye spika mbili. Kompyuta hiyo haina macho. Draiva, yaani programu inayoendesha sauti, hujua tu nilichoiandikia kwenye faili: maikrofoni inaingilia hapa, spika inatokea pale. Njia ambayo sikuiandika inazimwa, ili betri idumu.

Mimi niliandika spika moja. Ya pili nikaifunga ukutani upande wa wanawake, nikaiunga waya, nikasema nitaiandika baadaye.

Nikasahau.

Siku ya majaribio wazee wa kamati walikaa walikozoea, upande wa wanaume, nami pamoja nao. Sauti ilitujaa masikioni tukapongezana. Hakuna aliyefikiria kuvuka kwenda kukaa kwenye mabenchi ya wanawake. Nani angefanya hivyo?

Jana ilikuwa misa ya kumwombea marehemu baba. Tulipokuwa tunakula nikamwuliza mama, ambaye masikio yake ni mazito, kama alisikia padri alivyolitaja vizuri jina la baba.

“Nilimwangalia midomo, mwanangu. Watu walipoitika, nikajua ndiyo hapo.”

Nikauliza kwa nini hakuniambia tangu mwanzo kwamba kwao hakusikiki.

“Mtambo ni wako. Ningekusema mbele za watu?”

Mganga hajigangi, wanasema, lakini mimi nilikuwa nimetembea kifua mbele mtaa mzima huku mama yangu akisali kwa kukisia. Niliona aibu, na niliumia.

Leo asubuhi nimeiandika ile spika. Mstari mmoja tu. Kisha nimemwomba mama twende kigangoni, akae kwenye benchi lake la siku zote. Kanisa lilikuwa tupu. Nimeshika maikrofoni, nikalitaja jina la baba, halafu nikaanza polepole: “Raha ya milele umpe ee Bwana...”

Mama alikuwa ameinamisha kichwa, hanitazami mdomo. Ameitika mara moja, kwa sauti kubwa kuliko yangu.